Nipeni Mji

Kitendawili! Kina unga, kina chumvi na mafuta, lakini hakiliwi.

Wajukuu wawili walitazamana, donge jekundu la kuchezea limewaganda hadi viwikoni. Jibu walikuwa nalo mikononi, wasilione.

"Mmeshindwa!" bibi akacheka huku akikanda. "Haya, nipeni mji."

Mdogo akafungua mdomo. Dada yake akamfinya.

"Nipeni mji, wachoyo nyie! Niende wapi?"

"Usiseme," dada akanong'ona. "Baba kakataza."

Mikono ya bibi ikasimama ndani ya bakuli. Wekundu ulikuwa umemwingia kwenye mikunjo yote ya vidole.

"Niende wapi, mjukuu wangu?"

"Nenda ule mji wenye nyumba ya wazee, Bibi," mdogo akasema. "Baba anakupeleka kesho. Begi lako keshalifunga."