Bega la Sorcha

Daktari wa uwanja wa mbio za farasi, mwenye kuamua nani apande na nani asipande, alimbonyeza Sorcha begani, palepale mfupa ulipopata ufa. "Panauma?"

"Wala!" Sorcha akacheka, jasho likimchuruzika mgongoni.

Mbio kubwa za Pasaka, Ireland nzima iko hapa, na yeye ni mpanda farasi wa ridhaa, chipukizi, hata msimu mmoja hajamaliza! Tangu adondoke mazoezini juzi, baa nzima ya kijijini kwao ilikuwa inabeti: atapanda, hatapanda. Na aliyeweka pesa nyingi kwamba hatapanda ni mjomba wake mwenyewe.

Ndiye huyo sasa, kaingia na kofia yake ya sufu, meno yote nje.

"Mpwa wangu jamani!" Akamshindilia kofi la begani. Lilelile!

Chumba kikazunguka. Machozi yakamtoka Sorcha.

"Mbona unalia?" Daktari akaweka kalamu chini.

"Furaha, daktari. Mjomba ananipenda mno."

"Mno," mjomba akaitikia, akimkodolea macho begani.

Daktari akawatazama wote wawili, akatabasamu kidogo.

"Basi mrudishie kofi lake, binti. Kwa mkono wa upande huohuo."

Mjomba akacheka, akamsogezea bega.

Sorcha akauma meno, akaunyanyua mkono juu kabisa, na wala hakulenga bega.