Mshale Mweupe

Profesa Mwakatobe alikuta dimbwi la getini mwa chuo limefukiwa kwa mawe yake. Kila jiwe lilikuwa na mshale mweupe wa kuonyesha upande uliokuwa juu alipoling'oa bondeni, maana jiwe la matabaka likipinduliwa bila alama, haijulikani tena tabaka lipi lilitangulia. Miaka arobaini ya kazi ilikuwa imelala topeni, kifudifudi.

"Nani kawaruhusu?"

"Mkuu wa idara, mzee," alijibu kibarua. "Kasema ni kifusi tu. Kanyaga hayohayo, usichafue viatu."

Mkuu huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wa Profesa. Mishale mingine ni mkuu huyo aliyeipaka kwa mkono wake mwenyewe.

Profesa akapiga magoti, akageuza jiwe moja mpaka mshale ukatazama juu. Akageuza la pili. Gari la mkuu likasimama nyuma yake, likapiga honi.