Ua la Mama

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, mawingu yametanda bila mvua. Mwanakheri alifumua ukili wa mkeka kwa mara ya nne. Bintiye alikuwa aolewe Ijumaa, na kwa desturi ya ukoo bibi harusi huketi juu ya mkeka wenye ua alilobuni bibi yake. Bibi huyo, mama yake Mwanakheri, alikuwa marehemu. Ua hilo lilibaki kwa Mwanakheri peke yake, na sasa alikuwa amelisahau.

"Acha, wifi," alisema Zuhura. "Unaukaba ukili kama mwizi wa kuku. Jinyooshe kidogo."

"Nikijinyoosha, Ijumaa itanisubiri?"

Hata hivyo alilala chali sakafuni, akatazama dari bila kuwaza kitu. Ikamjia harufu ya majani ya miyaa yaliyolowekwa, kisha magoti ya mama, kisha sauti yake ikihesabu: mbili juu, moja chini, ruka. Akamwona bintiye ameketi juu ya ua lililokamilika. Vidole vyake vilianza kwenda.

"Umelikumbuka?"

Hakujibu. Alichelea mama asije akanyamaza.

Zuhura alikwenda kuloweka miyaa zaidi. Bibi harusi, aliyefika mlangoni, alivua viatu vyake taratibu, kana kwamba mkeka umeshatandikwa. Mwanakheri alibaki amelala, akisuka hewa.