Mpira Kwenye Kitufe

Fundi aliyemfungia redio ya upepo, ya kuzungumza na watu wa mbali, alimwambia Mwanakombo abonyeze kitufe cha kipaza sauti ndipo aseme. La kukiachia ili awasikie wenzake, lilimpita. Kidole kilipochoka akakifunga kitufe kwa mpira kibaki kimebonyea, akaita, "Jamani, kuna mtu hewani? Mimi mgeni." Kimya.

Aliita mchana kutwa huku akipika. Alipochoka akakigeukia kiti cha marehemu mumewe, kama desturi yake. "Haya Shebe, karibu chai. Hata wewe unaninunia? Nyumba hii ilikuwa haina pa kutia mguu kwa wageni, leo nagombana na kiti."

Jioni akakata tamaa, redio ya upepo na irudi kwa fundi, hana mtu wa kuzungumza naye. Akaukata mpira. Kitufe kikaruka, na sebule ikajaa sauti za watu.

"Alhamdulillahi, kaachia!"

"Bibi wee, umetufungia njia kutwa nzima! Ukikibonyeza wewe, sisi hatusikiki!"

"Mwacheni, mie nimecheka mbavu sina. Vitunguu vilivyoungua, mama, tumesikia ulivyovitukana!"

Mwanakombo akajiziba mdomo, aibu na kicheko vikimgombania. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, ikauliza, "Bi mkubwa, na huyo Shebe anayenuna, keshakunywa chai yake?"

Wote wakampisha ajibu. Hewani pakabaki mvumo tu, kama watu wengi waliozuia pumzi nyuma ya mlango. Mwanakombo akakipeleka kidole kwenye kitufe, kikatua juu yake, kikakaa bila kubonyeza, macho yake kwenye kiti cha Shebe.