Jiwe la Mzee Magesa

Mwanamke mgeni alisimama kwenye msingi wa nyumba, begi mkononi, akiutazama moto uliowashwa juu ya jiwe kubwa linaloelekea ziwani.

"Habari za kazi, kaka. Mimi binti wa mzee Magesa. Aliniandikia kwamba kiwanja ameuza, ila jiwe lake halitaguswa. Nikirudi, nikae pale alipokuwa akinisubiri."

Masatu, aliyekinunua kiwanja, alikosa pa kuuficha uso. Ni yeye aliyemwahidi mzee. Kisha mzee akafariki, na ramani ikataka chumba cha kulala pale pale.

"Fundi, zima moto."

"Kwa maji? Si ndivyo tunavyovunja mawe, bosi? Jiwe likipata moto, ukilimwagia maji, linapasuka."

"Basi tuondoe kuni."

"Na chumba? Utalala jiweni kama kenge?"

Masatu alichukua koleo, akaanza kuyavuta magogo yanayowaka. Mpini ulipokatika, aliendelea kwa mikono.

Gogo la mwisho lilipoanguka, jiwe lilikuwa jeusi, lakini zima. Binti alivua viatu, akaketi chini kando yake, akingoja lipoe.