Kompyuta ya Marehemu

Mundhir aliichopoa kompyuta mikononi mwa mnunuzi kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akairudisha. Ilikuwa lazima iuzwe leo. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, ukoo ungekaa kugawa mirathi, naye hakutaka ifike huko.

"Unanunua au unaposa?" aliuliza.

"Nanunua," alijibu Abuu, kijana wa kwenye mananasi ya Kiwangwa, simu mkononi. "Ila mtu wangu anataka kujua kama inaweza kubeba kompyuta nyingine ndani yake. Kazi zake ndizo hizo. Isiyobeba haitaki hata bure."

"Kwani kompyuta nayo hushika mimba?"

Abuu akacheka kwa nguvu. Mundhir akanyoosha kidole darini. "Sauti chini, muuza mananasi. Juu kuna mtu yuko edani."

Kwenye kona ya sebule, Mzee Kombo alivuta tasbihi kimya. Huyu ni baba mdogo wa Mundhir, na hakuletwa kuzungumza. Aliletwa kwa sababu katika nyumba hii mali ya marehemu haiuzwi bila shahidi wa ukoo. Mundhir, aliyekuja matangani kutoka Pangani na kusahau kuondoka, alikuwa amemwapia: kompyuta ni ya kaka yake, Mungu amrehemu, na fedha yote itakwenda kwenye hitima.

Simu ya Abuu ikatetemeka. Akasoma ujumbe, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Jedwali likafunguka kwenye kioo, akalifuata kwa kidole mpaka chini.

"Hii hapa. 'Virtualization', na mbele yake 'Enabled'. Inabeba, na imeshawashwa."

"Si nilikwambia? Toa fedha."

Simu ikatetemeka tena. "Anasema za aina hii zikitoka dukani, hiyo Virtualization huwa imezimwa. Aliyeiwasha aliingia ndani kabisa, kwa makusudi. Anauliza ni nani?"

"Marehemu. Nani mwingine? Mwambie bwana huyo ananunua kompyuta, hafanyi kazi forodhani."

"Na baada ya hapo hakuna aliyeigusa?"

"Fundi wa stendi kaipiga Windows mpya juzi. Kafuta kila kitu. Safi kama sahani iliyolambwa."

Abuu akaandika, akangoja, akasoma. "Anasema Windows hufutika, lakini mipangilio ya kule ndani haifutiki. Anataka nipaone."

"Paone, kisha utoke kwangu."

"Kwako?" alisema Mzee Kombo, bila kuinua macho.

Abuu aliizima kompyuta, akaiwasha huku akigongagonga kitufe kimoja cha juu. Kioo kikawa cheusi. Katikati kikatokea kisanduku kitupu. Kilitaka neno la siri.

"Basi," alisema Mundhir, akinyoosha mkono kuifunga. "Hilo kaenda nalo mwenyewe. Kama bwana wako hatosheki, akanunue kikokotoo."

"Anauliza, marehemu hakukuachia?"

"Kaka yangu hakuniachia hata salamu."

"Mwache kijana ajaribu," alisema Mzee Kombo.

"Ajaribu nini, baba mdogo? Abahatishe neno la maiti?"

"Ajaribu."

Simu ikatetemeka. Abuu akaiegemeza kando ya kompyuta, akaanza kuandika herufi moja moja, akitazama huku na huku kama mwanafunzi anayenakili ubaoni. Akabonyeza. Kisanduku kikatoweka, na kurasa za ndani zikajipanga mbele yao, moja baada ya nyingine.

Mundhir alimkamata ukosi. "Nani kakupa neno hilo? Huyo mtu wako anaijuaje nyumba yetu?"

Abuu alikuwa akitazama simu. Ujumbe mwingine ulikuwa umeingia, na huu hakuusoma kwa sauti. Akajitoa taratibu mikononi mwa Mundhir, akaenda kwenye kona, akamkabidhi Mzee Kombo simu kwa mikono miwili.

Mzee akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole.

"Shikamoo, baba. Naomba umwambie shemeji anipandishie kompyuta yangu juu. Nimo edani, siwezi kushuka."