Onja Kwanza

Siku chuo kikuu kilipofungua maabara yake ya kuchunguza presha, Profesa Mwakio alivaa tai ya sherehe akawangoja watu wa msituni. Presha iliwaua wao kuliko wenyeji wengine wote, na hakuna aliyewahi kuchunguza kwa nini. Walikuja, wakajaa kwenye benchi, wakamtazama Bibi Hadho, mzee wao. Angekataa yeye, wote wangerudi msituni.

Profesa, muuguzi akiwa kando yake, akakunjua kitambaa cha kipimo cha presha. "Lete mkono, bibi."

"Kwetu, anayekukaribisha asali huionja kwanza mwenyewe. Onja, mwanangu."

"Lakini mimi ndiye mtafiti."

"Nyuki naye haulizi cheo."

Benchi zima likacheka. Profesa, kwa heshima zote za taaluma, akakunja mkono wa shati. Kitambaa kikavimba, kikanywea. Muuguzi akasoma namba, akapima upya.

"Profesa," akanong'ona, "yako iko juu sana."

"Vipi, tamu?" akauliza Bibi Hadho.

Profesa akalegeza tai. "Chungu, bibi."

Hakuna aliyecheka. Bibi Hadho akasogea, na benchi zima likasogea naye, hadi ikapatikana kando yake nafasi ya mtu mmoja. Kisha akamnyooshea muuguzi mkono wake.